Land Cruiser 1HZ: filta ya hewa ya orijino na za mtaani, ipi inazuia vumbi kweli?

KibayaDizeli

Wakuu, salaam.

Gari ni Land Cruiser yenye mkonga (bomba la kuvutia hewa linalopanda juu pembeni ya kioo), injini ya dizeli 1HZ, inafanya kazi Kiteto na Simanjiro. Kiangazi chote ni vumbi tupu. Ea klina ni ile ya kopo la duara, filta ya mviringo inayokazwa kwa nati ya masikio.

Dukani nimeonyeshwa tatu. Kuna ya Toyota, namba yake inaanza na 17801. Kuna ya kampuni nyingine inayojulikana, bei karibu nusu. Halafu kuna ya boksi jeupe isiyo na jina, bei kama robo. Na kuna muuzaji anayeisukuma ile ya pamba ya kufua, anasema inazuia vumbi asilimia 99 na ukinunua umenunua.

Naomba mnisaidie: tofauti ya kuzuia vumbi ni kubwa kiasi cha kulipia? Filta mbovu nitaitambuaje kabla haijala injini? Na kupuliza kila wiki kunasaidia au kunaharibu? Fundi wa hapa anapuliza kwa kompresa ya matairi. Nikipitisha kidole ndani ya bomba linalotoka kwenye ea klina kwenda kwenye injini, kinatoka na vumbi laini rangi ya udongo.

PistoniKavu

Mkuu, shughulikia hiyo sentensi yako ya mwisho kabla hujatoa hela dukani. Vumbi la kushikika kidoleni upande wa baada ya filta mara nyingi halikupita kwenye karatasi, limepita pembeni. Karatasi ikiwa nzima, hata ya bei ya robo, inakamata chembe kubwa zote. Zinazoponyoka ni ndogo mno kuonekana, na nyingi zinaishia kwenye silinda moja kwa moja. Ukiona rangi ya udongo bombani jua kuna uchochoro mahali, na ukifunga filta ya Toyota huku uchochoro upo, umenunua boksi.

Kwenye kopo la 1HZ sehemu za kuangalia zinajulikana. Ya kwanza ni washa ya raba chini ya nati ya masikio. Ile skrubu ndefu ya katikati inapita kwenye kifuniko cha filta na kuingia upande safi. Washa ikipotea au ikikauka, hewa yenye vumbi inafyonzwa kuzunguka nyuzi za skrubu na kuingia ndani bila kugusa karatasi hata kidogo. Washa hii huwa inagandana na filta ya zamani, fundi anatupa vyote pamoja, na hakuna anayeikumbuka tena.

Ya pili ni raba ya mdomo wa filta, ile inayokaa kwenye kitako cha kopo. Ikiwa ngumu kama plastiki, au filta ikiwa fupi kwa milimita 2 tu kuliko ile ya asili, nati inakaza lakini raba haibonyei. Hapa ndipo filta nyingi za boksi jeupe zinaposhindwa, na karatasi yake inaweza kuwa haina kosa lolote. Angalia na kitako chenyewe, kama kimekunjika au kina kutu iliyokula ukingo hakuna raba itakayoziba.

Ya tatu ni hozi ya mikunjo kutoka kwenye kopo hadi kwenye manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda). Nyufa zake zinakaa kwenye mabonde ya mikunjo, upande wa chini, huzioni mpaka uivue na kuikunja kwa mikono. Klipu zake nazo zikazwe kwa bisibisi. Ukitikisa hozi ikazunguka, hiyo klipu haijashika.

Mkonga usikusumbue kwa habari ya vumbi. Upo kabla ya filta, kwa hiyo ukiwa na ufa unaongeza kazi ya filta lakini haupitishi uchafu kwenda kwenye injini. Kwa maji ni habari nyingine kabisa, ukivuka mito uzibe.

Namna ya kupima kama raba inaziba: futa kitako cha kopo, paka chaki ya ubaoni kwenye ukingo wote unaokutana na raba, funga filta, kaza nati kwa vidole, kisha fungua. Raba inatakiwa itoke na duara zima la chaki. Penye pengo ndipo vumbi linapopita. Ukimaliza ifute chaki yote, maana nayo ni vumbi.

MikroniTano

Nakubaliana na PistoniKavu kuhusu mpangilio, ila karatasi nayo tusiidharau. Tatizo la zile asilimia za wauzaji ni kwamba zinafanya tofauti kubwa ionekane ndogo.

Usihesabu kinachozuiwa, hesabu kinachopita. Tuseme hadi siku ya kubadilisha, filta imefikiwa na gramu 200 za vumbi. Yenye uwezo wa asilimia 99.5 imepitisha gramu 1. Yenye asilimia 98.5 imepitisha gramu 3. Yenye asilimia 96 imepitisha gramu 8. Kwenye boksi zote tatu zinaonekana ni “zaidi ya asilimia 95”, lakini ringi za pistoni za injini ya mwisho zimesagwa na uchafu mara nane ya ile ya kwanza. Mchanga wa gramu 8 ni karibu kijiko kimoja cha chai. Hiyo ndiyo bei halisi ya asilimia tatu na nusu.

Na 1HZ inavuta hewa nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ujazo wake ni lita 4.164, na kila silinda inavuta mara moja kwa mizunguko miwili. Kwa mizunguko 2,200 kwa dakika: 4.164 gawanya kwa 2, zidisha kwa 2,200, unapata kama lita 4,580. Punguza kidogo kwa kuwa silinda hazijai kabisa, inabaki karibu mita 4 za ujazo kila dakika, au 240 kwa saa. Dizeli isiyo na tabo (kifaa cha kusukuma hewa kwenye injini) haina kizuizi cha hewa kama cha petroli, hivyo kwa mizunguko ileile inavuta kiasi hichohicho hata ukiwa unateremka mlima bila mzigo. Vumbi la kufuata lori mpaka huoni mbele hukadiriwa kuwa karibu gramu 1 kwa kila mita ya ujazo. Piga hesabu mwenyewe uone nusu saa nyuma ya lori ina maana gani, halafu uache nafasi au umpite.

Asilimia zenyewe zinapatikanaje? Kuna utaratibu wa kimataifa, ISO 5011. Filta inafungwa ndani ya kopo lake, hewa inavutwa kwa kiwango kimoja, na vumbi lililopimwa uzito linamwagwa taratibu. Nyuma yake kuna filta ya pili inayonasa karibu kila kilichoponyoka. Mwisho vinapimwa kwa mizani. Vumbi lenyewe lina madaraja manne chini ya ISO 12103-1, kuanzia A1 laini kabisa hadi A4 lenye chembe kubwa.

Sasa muulize muuzaji wako: hiyo asilimia 99 ni ya vumbi gani? Kipimo ni cha uzito, na chembe moja ya mikroni 100 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita) ina uzito wa maelfu ya chembe za mikroni 5. Kwenye A4 uzito mwingi uko kwenye chembe kubwa ambazo hata wavu mzuri ungezikamata, kwa hiyo ni rahisi kupata namba nzuri. Kwenye A2 ndiyo unaona nani ni nani. Chembe zinazotafuna ringi na silinda zaidi ni za mikroni 5 hadi 20 hivi, zinazotosha kupita kwenye utando wa oili huku zikigusa chuma pande zote mbili. Unywele wa mtu una kama mikroni 70, kwa hiyo adui wako humwoni kwa macho.

Swali la pili la kumuuliza: ni asilimia ya mwanzo au ya jumla? Filta mpya ndiyo inayovujisha zaidi. Ikishakula vumbi kidogo, tabaka linajengeka juu ya karatasi na lenyewe linakuwa kichujio. Namba ya jumla inaficha hizo gramu za mwanzo.

GroganSpea

Niko upande wa spea hapa Nairobi, kwa hivyo nizungumzie kaunta. Sitasema jina la kampuni mbaya, kwa sababu boksi lolote linaweza kuchapishwa na mtu yeyote, hata la Toyota. Kuna feki za boksi zuri kuliko orijino. Angalia kilicho ndani.

Beba filta yako ya zamani, usiitupe kabla ya kununua. Weka mbili kando kwa kando juu ya kaunta iliyonyooka. Urefu ulingane kwa milimita, pima na rula. Tundu la skrubu liwe katikati sawasawa. Bonyeza raba kwa kidole gumba, inatakiwa iingie halafu irudi yenyewe. Ikibaki na alama ya kidole, au iwe ngumu ya kung’aa, irudishe.

Halafu hesabu mikunjo ya karatasi. Watu hucheka lakini hiki ndicho kipimo rahisi zaidi cha wizi. Mfano: filta yenye mikunjo 100, kila mmoja una kina cha sentimita 4 na urefu wa sentimita 20. Zidisha 100 × 2 × 4 × 20, unapata sentimita mraba 16,000, yaani mita mraba 1.6 za karatasi. Ile ya bei rahisi ina umbo hilohilo lakini mikunjo 70, ni mita mraba 1.12. Hewa ileile sasa inapita kwa kasi zaidi ya asilimia 40 kwenye kila kipande cha karatasi. Itaziba mapema, na injini itaanza kutoa moshi mweusi kabla ya kilomita ulizozitarajia. Kwa nje zote mbili ni duara la karatasi, hutajua kama hukuhesabu.

Karatasi nzuri ina vinundu au mistari iliyobonyezwa ili mikunjo isilaliane. Filta ya karatasi laini bila vinundu, ikilowa ukungu wa asubuhi, mikunjo inashikana mafungu mafungu na nusu ya eneo inapotea. Pia chungulia pale karatasi inapokutana na kifuniko cha chuma au plastiki: gundi lazima ijaze kila mkunjo. Chukua tochi ya simu, itie ndani ya filta, ziba mdomo kwa kiganja, simama penye giza. Karatasi nzima itang’aa hafifu kama taa ya chemli yenye kioo kichafu. Ukiona nukta kali ya mwanga pembeni ya gundi, ni tundu.

Kama ya asili kwenye kopo lako ina mapezi ya plastiki upande wa nje, nunua yenye mapezi. Hayo hayajawekwa kwa urembo. Yanazungusha hewa ndani ya kopo ili vumbi zito lirushwe ukutani na kushuka chini kabla halijafika kwenye karatasi.

Kati ya zile tatu zako, mimi ningemwambia mteja achukue ya Toyota au ile ya kampuni inayojulikana, yoyote itakayofaulu haya niliyosema. Filta za kampuni za Sakura na VIC zinauzwa sana huku na zina wateja wao wa miaka mingi, lakini nazo zina feki zake. Boksi jeupe la robo bei, kwa barabara unazozitaja, hapana.

PambaSafi

Mbona hakuna anayeitetea ya pamba? Ina upinzani mdogo wa hewa, inafuliwa, na kwa mtu aliye mbali na duka kufua ni afadhali kuliko kuendelea na karatasi iliyoziba. Hoja ya matundu yanayoonekana kwa tochi pia si sawa. Pamba haizuii kama wavu. Vumbi linagonga nyuzi zenye mafuta na kunata.

MikroniTano

Kuhusu tochi uko sahihi, kipimo hicho ni cha karatasi. Kunata kwenye mafuta ni njia halali ya kuchuja. Tatizo ni masharti yake.

Pamba inahitaji mafuta yake maalumu yenye unato, yaenee sawasawa. Yakipungua vumbi linapita, yakizidi yananyonywa kwenda ndani. Kwenye 1HZ yakinyonywa si balaa kubwa kwa kuwa haina sensa ya hewa, lakini kwenye magari yenye sensa hiyo utando wa mafuta unaipa kompyuta hesabu ya uongo. Baada ya kufua lazima ikauke kabisa kivulini, kisha ipakwe, kisha iachwe mafuta yasambae hadi hakuna sehemu nyeupe. Porini mtu anatumia oili ya injini au ATF (oili ya giaboksi otomatiki) kwa kuwa ndiyo iliyopo. Oili hizo hazinati, zinachuruzika na kukusanyika chini ya filta, huku nusu ya juu ikibaki pamba kavu.

Na huo upinzani mdogo wa hewa unakusaidia nini? Injini ya farasi 130 hivi, isiyo na tabo, haitaonyesha tofauti utakayoihisi mguuni. Kwa gari la mashindano linalofunguliwa injini kila msimu ni mapatano mazuri. Kwa gari linalotakiwa lifike kilomita laki tano Kiteto, unabadilishana ringi kwa kitu usichokihisi. Kwenye vumbi laini, pamba kwa kawaida inapitisha zaidi ya karatasi nzuri.

FundiManometa

Niingie kwenye kupuliza, kwa kuwa mwuliza swali bado hajajibiwa.

Kompresa ya matairi ina shinikizo la baa 8 hivi. Kwa upepo huo karibu na karatasi unatoboa vijitundu usivyoviona, na ukipuliza kutoka nje kwenda ndani unasukumia vumbi kwenye upande safi. Kama ni lazima, shusha regyuleta hadi baa 2, puliza kutoka ndani kwenda nje, ncha ya bomba iwe umbali wa kama sentimita 5, pandisha na kushusha kufuata mikunjo. Usiigonge kwenye sakafu, kifuniko kinapinda na raba haitakaa tena. Usiioshe karatasi kwa maji, sabuni, petroli wala dizeli.

Lakini hiyo ya kila wiki iache. Alichosema MikroniTano kuhusu tabaka la vumbi ndicho kinachofanyika hapa: kila unapopuliza unairudisha filta kwenye hali yake ya kuvujisha, halafu unaifungua na kuifunga kwa mikono yenye vumbi, na kila kufungua ni nafasi ya washa kupotea. Filta inayoonekana chafu si lazima iwe imeziba. Rangi haikwambii kitu.

Kinachokwambia ni mvuto baada ya filta, na unaweza kuupima kwa hozi ya plastiki inayoonyesha, ile ya fundi wa kusawazisha kuta. Ikunje umbo la U kwenye ubao, kila mkono uwe na urefu wa mita 1, jaza maji hadi nusu. Mkono mmoja uunganishe kwenye tundu dogo la bomba baada ya filta, mwingine uache wazi. Kama bomba halina tundu la kipimo, livue kabisa ndipo utoboe, chembe za chuma zisiingie kwenye injini. Ukimaliza kupima ziba kwa bolti na gasketi, vinginevyo umetengeneza mwenyewe uchochoro mwingine.

Gari likiwa limesimama, injini ya moto, panda hadi mzunguko wa juu kabisa unaoruhusiwa na gavana (kidhibiti cha mizunguko ya injini) kwa sekunde chache na usome tofauti ya maji kati ya mikono miwili. Hii inawezekana kwa 1HZ kwa kuwa haina tabo. Yenye tabo lazima ipimwe ikiwa na mzigo. Andika namba ya filta mpya. Kikomo kinachotumika sana kwa dizeli isiyo na tabo ni kama sentimita 50 za maji, na zenye tabo kama 63. Ukikaribia hapo badilisha. Mikono ya hozi isiwe mifupi kuliko mita 1, maji yakifyonzwa kwenye silinda ya dizeli yanapinda koneti (mkono unaoshika pistoni).

Namba ya filta mpya ina faida nyingine. Kama ya boksi jeupe ikiwa mpya inasoma karibu mara mbili ya orijino mpya, mikunjo imeibwa. Ikisoma chini sana kuliko orijino usifurahi haraka, angalia kama inaziba.

KibayaDizeli

Asanteni sana wakuu. Nimefungua. Washa ya chini ya nati haipo kabisa. Pia ule mdomo wa raba chini ya kopo, unaotema vumbi, umepasuka. Chaki imetoka duara zima. Sasa kati ya hivyo viwili ni kipi kinaleta vumbi bombani? Na injini nitajuaje kama imeshaumia?

PistoniKavu

Ni washa. Mdomo wa chini uko upande mchafu, hauwezi kuleta vumbi bombani kwa njia ya moja kwa moja. Kazi yake ni kubaki umefunga injini ikivuta, na kufunguka kidogo injini ikizimwa au ikiunguruma taratibu ili vumbi lidondoke. Ukipasuka, hewa inaingia kutokea chini na kulirusha juu tena vumbi lililokwisha kutulia, kwa hiyo filta inajaa upesi. Badilisha vyote viwili. Mdomo mpya uuminye kwa vidole kila unapoangalia oili, kwa sababu tope likikauka ndani yake unaganda.

Washa iwe na raba, si ya chuma tupu wala kipande cha tyubu kilichokatwa kwa mkasi. Itoshee skrubu kwa kubana. Nati kaza kwa vidole hadi mwisho halafu robo mzunguko. Ukitumia plaizi unabonyeza kifuniko cha filta.

Kabla ya kurudisha, toa hozi na bomba lote, safisha kwa kitambaa chenye dizeli kidogo, kausha. Usipofanya hivyo hutajua kama tatizo limeisha. Kisha paka grisi utando mwembamba kabisa, upana wa vidole viwili, ndani ya bomba karibu na kopo. Baada ya kilomita 500 ifikiche kati ya vidole. Ikiwa laini uko salama, ikikwaruza rudi kwenye chaki. Wengine wanafunga soksi ya nailoni kwenye bomba ili wakamate vumbi na kulipima. Usijaribu, ikichomoka inaingia kwenye manifodi.

FundiManometa

Kuhusu injini kuumia: dalili za kuona ni kupumua kwa nguvu ukifungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma, oili kupungua kati ya sevisi, moshi wa buluu, na kuwaka kwa shida asubuhi za baridi hata glopulagi zikiwa nzima. Zikifika hapo umechelewa.

Cha mapema ni kupima oili maabara. Mawakala wa mitambo mikubwa na maabara zinazohudumia migodi hufanya kipimo hiki, na gari dogo linapokelewa. Chukua sampuli injini ikiwa ya moto, wakati wa kumwaga oili: acha ya kwanza ipite, kinga ya katikati kwenye chupa safi na kavu, ziba papo hapo. Andika kilomita za gari na kilomita za oili hiyo, la sivyo namba hazina maana.

Kwenye majibu angalia silikoni na alumini pamoja. Vumbi la barabarani lina vyote viwili, vinapanda sambamba, na chuma kinafuata kwa kuwa silinda inasagwa. Silikoni ikipanda peke yake, kwanza jiulize kama kuna gasketi ya kupaka iliyotumika karibuni, maana hiyo huchafua oili kwa silikoni isiyo na madhara. Chukua sampuli ya kwanza sasa, kabla oili haijabadilishwa, na ya pili baada ya sevisi mbili ukiwa na washa mpya. Kushuka kati ya hizo mbili ndiko kutakakokuonyesha kama filta uliyochagua inafanya kazi, kuliko maneno ya boksi lolote.

KibayaDizeli

Nimeelewa. Swali dogo: kupaka grisi kwenye raba ya filta yenyewe kunasaidia kuziba? Fundi anapenda kupaka nyingi.

GroganSpea

Utando mwembamba tu, na iwe grisi ya silikoni au ile ya raba ya breki. Grisi ya kawaida ya bearing inafanya baadhi ya aina za raba zivimbe na kulegea. Ukipaka nyingi inakusanya mchanga, na siku ya kutoa filta huo mchanga unadondokea upande safi. Kabla hujaiinua filta, futa kifuniko na ukingo wote kwa kitambaa chenye unyevu, halafu uitoe ukiwa umeilaza kidogo ili vumbi lidondokee nje ya kopo. Mdomo wa bomba uzibe kwa kitambaa kikubwa chenye rangi kali, usije ukakisahau ndani.

Ukija Grogan hapa Nairobi au ukienda Ilala, Dar es Salaam, kununua, beba ile ya zamani na rula.